Nukta ya Kona ya Tatu

Saa nne na dakika kumi asubuhi ya Sabato, nyuma ya hema kubwa la makambi ya kanisa huko Kendu Bay, Mzee Nicodemus Arasa alivaa miwani yake, akafungua simu, akagusa neno lililoandikwa Zima. Simu ikamwuliza kama ana hakika. Akagusa Ndiyo. Nukta tano za kijani zilizokuwa zimejipanga kwenye kioo zikageuka kijivu moja baada ya nyingine. Akairudisha simu mfukoni, akakohoa kidogo, akainyoosha tai yake. Ndani ya hema kwaya ya akina mama ilikuwa inamalizia ubeti wa mwisho. Alijisikia safi.

Usafi huo haukudumu hata wimbo mmoja. Alipokuwa anarudi kwenye kiti chake, akipita katikati ya viti vya plastiki na watoto waliolala mapajani mwa mama zao, alimkumbuka Mniko, na miguu ikapunguza mwendo yenyewe.

Mniko alikuwa Mkuria wa kutoka upande wa mpakani, mwenye shimo la dhahabu pale Masara, na Arasa alikuwa amempa ahadi. Alimpa na mkono, mbele ya wachimbaji saba, siku kumi tu zilizopita. Nukta tano alizozizima zilikuwa ndiyo ahadi yenyewe.

Arasa alifika Masara kutoka Kisii akiwa kijana, akiuza sufuria na mafuta ya taa. Shule aliyoikosa utotoni aliitafuta uzeeni. Akiwa na miaka hamsini na sita alijiandikisha masomo ya jioni mjini Migori, akakaa dawati moja na makondakta na wasichana wa saluni, akajifunza hesabu, kisha Kiingereza cha vitabu vya mafundi, na hatimaye mambo ya mitandao inayopita hewani. Alichojifunza alikiandika katika daftari lenye jalada gumu. Alisimamisha mlingoti kilimani, akafunga sahani ya kupokea mawimbi kutoka Migori, akaanza kuwagawia watu wa Masara mtandao. Mahali ambapo zamani mtu alipanda juu ya kichuguu ndipo simu yake ishike, sasa bibi kizee aliongea na mjukuu wake aliye Qatar huku akichochea ugali. Watu wakamwita Mzee wa Waifai. Hakulikataa jina hilo.

Jambo moja alilishika kwa nguvu. Ijumaa jua likizama alizima mitambo yote, Jumamosi likizama akaiwasha. Wateja walinung'unika, wakazoea.

Shimo la Mniko lilishuka futi mia moja na ishirini moja kwa moja, kisha likaingia chini ya mwamba na kupinda mara tatu. Tangu lichimbwe, waliokuwa juu na waliokuwa chini walisemezana kwa kengele. Waya mwembamba ulipita ndani ya bomba la plastiki hadi mwisho wa shimo, na kila upande palining'inia kengele ya ng'ombe. Mvuto mmoja, shusha ndoo. Miwili, pandisha. Mitatu, acha kila kitu utoke.

Ni Arasa aliyesema kwamba kengele ni mambo ya kale. Alishusha redio ndogo ya mtandao ndani ya shimo, na pale kwenye kona ya kwanza sauti ikakatika kama iliyokatwa kwa panga. Usiku ule aliandika katika daftari: Mawimbi hayajui kupinda kona. Jiwe huyameza. Jiwe lenye maji huyameza mara mbili. Akarudi na redio tatu, moja kwa kila kona, kila moja ikiitazama mwenzake. Tatizo likawa umeme wa kuziwasha. Waya wake wa umeme ulihitaji njia, na njia iliyokuwapo ilikuwa bomba la kengele.

"Toa kengele," alimwambia Mniko. "Nipitishe waya wangu."

Mniko alijikuna shingo. "Na Jumamosi yako, Mzee? Sisi Jumamosi tunachimba."

"Njia yenu nitaiacha wazi. Nyumba nitazima, shimo nitaliacha."

"Mungu wako atakubali?"

"Ni kazi ya kulinda uhai."

"Hata sisi tusioingia kanisani tumesikia habari ya ng'ombe aliyetumbukia shimoni siku ya Sabato," Mniko akasema, na wachimbaji wakacheka. "Sasa leo sisi ndio ng'ombe. Lete mkono."

Arasa akautoa. Waya wa kengele ukavutwa nje, ukakunjwa, ukatupwa kwenye kibanda cha vifaa. Mambo yakaenda vizuri kuliko alivyotarajia. Msichana mmoja aitwaye Joyline alikaa kwenye mdomo wa shimo na simu, na wachimbaji walimpigia kutoka kona ya tatu kama wako sebuleni. Wao waliona ni ajabu. Arasa peke yake alijua ajabu yenyewe ilivyo: sauti ile, iliyokuwa hatua mia moja tu kutoka kwa Joyline, ilipanda kwanza hadi mlingotini, ikarushwa Migori, ikaenda katika nchi asizozijua yeye wala wao, ndipo ikarudi kumfikia Joyline sikioni. Mlingoti ukizimwa, hatua zile mia moja zinakuwa mbali kama Qatar. Hilo pia aliliandika katika daftari. Hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sasa akiwa Kendu Bay, ulimi ulikuwa umemponza kichwa. Alialikwa makambini kufundisha somo la alasiri juu ya Mkristo na mtandao. Asubuhi ile Mzee Nashon, mwalimu mstaafu aliyekuwa anasimamia makambi, alimtambulisha kwa watu: "Ndugu yetu kutoka Masara ana mitambo inayotunza Sabato kuliko baadhi yenu." Hema likacheka. Arasa akasimama, akapunga mkono, akasema kwa sauti iliyomfikia kila mtu: "Kwangu jua likizama Ijumaa, hakuna kitu kinachopita hewani hadi lizame tena."

Baadaye, wakati wa mapumziko, Mzee Nashon alimshika kiwiko. "Nimefurahi kusikia vile. Mtu fulani aliniambia kuna shimo la dhahabu huko unaliachia mtandao siku ya Bwana. Nikamwambia, huyo si Arasa ninayemjua."

Jibu la kweli lilikuwa fupi, na lilikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini alikuwa ameshapigiwa makofi.

"Ulidanganywa," Arasa akasema. Ndipo akaenda nyuma ya hema kuugeuza uongo wake uwe kweli.

Mhubiri alikuwa amefungua kitabu tu wakati simu ilipotetemeka mfukoni. Arasa aliiacha. Ikatetemeka tena, na tena. Alitoka ameinama kama mtu mwenye tumbo la kuendesha, akasimama kando ya matangi ya maji.

"Mzee, ni Joyline." Alikuwa anahema. "Niko huku barabarani, nimekimbia kutafuta network ya simu."

"Sema, mama."

"Ile waifai imepotea. Tangu saa nne na kitu. Nawaita huko chini, hawashiki."

"Wako wangapi?"

"Watatu. Lakini Mzee, sikia. Hilo shimo la zamani la jirani, hilo limejaa maji ya mvua. Maji yake yanashuka. Asubuhi yalikuwa yamefunika ile jiwe nyeupe. Saa hii jiwe iko kavu yote."

Arasa hakuhitaji kuelezwa zaidi. Maji ya shimo lililoachwa hayashuki bure. Yalikuwa yamepata mahali pa kupitia, na chini ya ardhi ile mahali pa kwenda palikuwa shimo la Mniko tu.

"Wapigieni kelele kutoka juu."

"Tumepiga mpaka koo zimekauka. Kona tatu, Mzee, nani atasikia? Mniko alienda sokoni kuchukua mafuta ya pampu, tumetuma mtu. Washa tu hiyo kitu. Nikisema neno moja wanatoka. Hawajui chochote."

"Ni akina nani wako chini?"

Arasa alisikia lori likipita upande wa pili wa simu.

"Alisema nisikuambie, kwa sababu ni Sabato," Joyline akasema. "Machuki yuko chini."

Machuki alikuwa mwanawe wa pekee wa kiume. Aliacha kwenda kanisani mwaka uliopita, na tangu hapo yeye na baba yake hawakugombana, walinyamaziana tu.

"Itakuwa betri ya kilimani," alisema. Ulikuwa uongo wa pili, na saa tano ilikuwa bado. "Ngoja, nawasha."

Akagusa Washa. Simu ikafikiri, ikafikiri, ikaandika: Kifaa hakipatikani. Akagusa tena. Akatembea hatua kumi kuelekea barabarani, kana kwamba hatua kumi za Kendu Bay zingemsogeza Masara, akagusa tena. Mara ya nne alikosea, akagusa kitu kingine.

Ndipo alipoelewa. Yeye huufikia mlingoti wake kwa kupitia mtandao, na mtandao hupita kwenye mlingoti. Alikuwa amefunga mlango kwa nje na kuuacha ufunguo ndani. Hapakuwa na namna ya kuuwasha ule mtambo isipokuwa mkono wa mtu, kilimani, ndani ya sanduku la chuma alilolichomelea mwenyewe ili wezi wa betri wasiliweze. Ufunguo wa kufuli lake ulikuwa hapa, umening'inia kiunoni mwake, Kendu Bay.

Akampigia Joyline. "Kuna mwenye pikipiki hapo?"

"Byron yuko."

"Apande kilimani na nyundo. Avunje sanduku lililo chini ya mlingoti. Akifika anipigie."

Mzee Nashon alimkuta akizungukazunguka kati ya magari yaliyoegeshwa, akitafuta dereva yeyote.

"Ndugu Arasa, kuna nini?"

"Mwanangu yuko shimoni na maji yanaingia."

Mzee Nashon hakuuliza shimo gani. Alitoa funguo za gari lake mfukoni, akamfungulia mlango. "Ingia. Ng'ombe akitumbukia hatuulizi leo ni siku gani."

Arasa aliketi, na maneno yale yakaketi pamoja naye. Walikuwa wameupita mji, ziwa likiwa limebaki nyuma yao, Mzee Nashon aliposema tena, macho yake barabarani: "Hata huo mtandao, kama ungekuwa wa kuwaangalia watu walio chini ya ardhi, mimi mwenyewe ningekuambia uuache. Bahati mbaya kwamba yule mtu alinidanganya."

Arasa alifungua mdomo. Ungamo lilifika hadi kwenye meno, likarudi. Akatazama nje, akayaona mashamba ya mahindi yakipita polepole mno.

Byron alipiga walipokuwa wanaingia Homa Bay mjini. Upepo wa kilimani ulikuwa unavuma ndani ya simu.

"Mzee, jaduong', hii sanduku ulichomelea kama ya benki. Napiga, inacheka tu."

"Piga kwenye bawaba. Usipige kufuli, piga bawaba za nyuma."

"Bawaba ni gani sasa?"

"Pale mlango unaposhikana na sanduku. Piga, kijana wangu, piga."

Arasa aliisikiliza nyundo. Kila pigo lilimgonga kifuani. Alihesabu hadi arobaini, akapoteza hesabu, akaanza upya. Hakuweza kuwaza kitu kingine isipokuwa kona ya tatu, anayoijua vizuri kwa sababu yeye ndiye aliyeipima: upana wa mabega ya mtu mmoja, dari la kumfanya mtu atembee ameinama, na sakafu yake, ee Mungu, sakafu yake ilikuwa chini kuliko kona zote. Maji yakija, yataanzia hapo. Tena yatakuja kimya. Mtu anayepiga patasi hasikii maji mpaka yamguse miguu, na akiyasikia miguuni atadhani ni yale yale ya kila siku.

"Imefunguka," Byron akasema. "Kuna vitu nyingi huku ndani kama matumbo ya mbuzi. Nishike gani?"

"Swichi nyeusi, upande wa kushoto. Isukume juu."

"Nimesukuma. Taa imewaka."

Arasa alikata simu, akafungua nukta zake. Zilikuwa kijivu zote. Gari liliacha mji na kuanza kupanda. Nukta ya mlingoti ikageuka kijani. Alisikia mwenyewe akitoa sauti kama ya mtoto. Ikafuata ya mdomo wa shimo. Ikafuata ya kona ya kwanza. Akaishika simu kwa mikono miwili. Ya kona ya pili ilisitasita, ikawaka.

Ya kona ya tatu ilibaki kijivu.

Aliingoja. Aliipangusa kwa kidole gumba kana kwamba ni vumbi. Redio zile zote zilikula umeme kutoka waya mmoja. Kama ya pili imewaka, ya tatu nayo ilipaswa kuwaka, isipokuwa kama kuna kitu kimeifunika. Akajua ni kitu gani. Jiwe lenye maji huyameza mara mbili. Na maji yenyewe?

"Vipi?" akauliza Mzee Nashon.

"Nne zimewaka."

"Bwana asifiwe."

"Ni tano," Arasa akasema.

Simu ikalia, na sauti ya Joyline ikaja safi kabisa kupitia mtandao wa Arasa mwenyewe, kama yuko kiti cha nyuma. "Mzee, wawili wametoka. Wamepanda kwa kamba, wamelowa mpaka kiuno."

"Machuki?"

"Wanasema walipoona waifai imepotea walianza kubishana huko chini. Hao wawili wakasema Mzee amezima kwa sababu ya Sabato. Machuki akakataa. Akasema baba yake alitoa mkono, na akishatoa mkono harudi nyuma. Akawaambia ni redio ya kona imeharibika, wao watangulie kutoka, yeye anaenda kuiangalia."

Arasa aliibana simu sikioni.

"Mzee, unanisikia? Mniko amefika. Amejifunga kamba, anashuka sasa hivi. Ngoja nikushikie usikie—"

Sauti ikakatika. Arasa alitazama nukta. Nne zile zote zilikuwa kijivu. Alimpigia Byron, naye akashika akiwa na woga wa mtu aliyevunja sahani ya mwenyeji.

"Jaduong', mimi sijagusa kitu. Nilikuwa nafunga tu mlango, ikaangukia hiyo waya ya betri, ikatoa moto. Sasa iko kimya."

"Waya mwekundu?"

"Ilikuwa nyekundu. Saa hii ni nyeusi."

Basi. Pale shimoni simu za kawaida hazikushika. Ndiyo maana watu walimhitaji Arasa. Joyline hangeweza kuondoka tena kwenye mdomo wa shimo kukimbilia barabarani, kamba ya Mniko ikiwa mikononi mwao, na Byron aliposhuka kwenda kuisaidia kamba hiyo, yeye naye hakupatikana tena. Kutoka hapo hadi Masara, Arasa hakuwa na sikio wala jicho. Alikuwa kama mtu wa zamani ambaye habari za msiba humfikia kwa mguu, tena mbaya zaidi, kwa sababu mtu wa zamani hakubeba mkononi kioo cha kumwonyesha kwamba haoni.

Walipita Rongo. Walipita Awendo, malori ya miwa yakiwazuia, Mzee Nashon akipiga honi na kuomba radhi kwa sauti ya chini kila anapoipiga. Arasa alikuwa anamwona Machuki akiwa na miaka minane, akimshikia tochi wakati anafunga redio ya kwanza ya duka. Alimwona akiinama kwenye kona ya tatu na tochi hiyo hiyo mdomoni, akifungua parafujo za redio isiyokuwa na kosa, maji yakimpanda mapajani, akiamini. Laiti asingeamini. Wale wawili walimtukana mzee wa watu, nao wakapona. Aliyemtetea ndiye aliyebaki.

Migori mjini jua lilikuwa utosini. Kutoka lami kuingia njia ya Masara gari lilianza kuruka mashimo, na Arasa akaanza kuogopa kufika. Tangu Kendu Bay alikuwa ameomba gari liende kwa kasi. Sasa kila mti alioutambua ulimfanya atamani njia irefuke. Aliangalia kama kuna watu wanaokimbia kuelekea shimoni. Aliangalia kama kuna wanaorudi polepole, mikono kichwani. Mbele ya duka la kwanza mama mmoja alisimama, akalitazama gari, akamtambua, akainamisha macho. Arasa hakuweza kujua macho yale yalisema nini, na hakuthubutu kuteremsha kioo amwulize.

Kwenye shimo watu walikuwa wengi, na walikuwa kimya. Walimpisha. Alitembea katikati yao, suti yake ya makambi ikiwa na vumbi hadi magotini, akiangalia miguu tu, kwa sababu aliogopa kuinua macho akaona shuka.

Aliona miguu miwili isiyo na viatu, imejaa tope jeupe. Vidole vilikuwa vinatetemeka. Aliye hai ndiye anayetetemeka.

Machuki alikuwa amekaa kwenye gunia, amefunikwa blanketi la Joyline, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa chenye damu. Midomo ilikuwa ya bluu. Mniko alikuwa amelala chali kando yake, kamba bado kiunoni, anahema kama ng'ombe wa kulimia.

"Nilimkuta kona ya pili," Mniko alisema bila kufungua macho. "Maji hapa." Akajigusa chini ya kidevu. "Mkono mmoja amejishika kwa mwamba, mwingine ameinua juu. Nikafikiri ameshika dhahabu. Nikamwambia achia, tupande. Akakataa kuachia."

Machuki akatoa mkono wa kulia chini ya blanketi. Alikuwa ameshika redio ya kona ya tatu, imefungwa ndani ya shati lake.

"Ndiyo hii, Baba," alisema, meno yakigongana. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kumwita hivyo. "Ndiyo iliyoharibika. Nimekuletea uitengeneze, isiachwe majini. Waambie hawa. Walisema umezima."

Wale wawili waliopona walikuwa wamesimama pale, mmoja akichora ardhi kwa kidole cha mguu. Joyline alikuwa anamwangalia Arasa. Mzee Nashon alikuwa amefika, kofia mkononi. Byron alikuwa nyuma na nyundo yake, akingoja kukaripiwa kwa ajili ya waya. Yalikuwapo maneno tayari, yalishasemwa nusu kwenye simu: betri, hitilafu, mitambo ni mitambo. Hakuna hata mmoja pale ambaye angeweza kuyapinga.

Arasa aliipokea redio. Ilikuwa kavu. Mtoto alikuwa ameiweka kavu.

Hofu aliyoibeba kutoka Kendu Bay alidhani imekwisha alipoona vidole vile vikitetemeka. Kumbe ilikuwa inamngoja hapa.

"Redio hii haina kosa," alisema. "Nilizima mimi. Saa nne na dakika kumi, nyuma ya hema. Niliogopa watu watasema nini." Akamgeukia Mzee Nashon. "Na wewe nilikudanganya. Yule mtu alikuambia kweli."

Mniko alifungua macho, akamtazama kwa muda mrefu kutoka pale chini, akayafumba tena.

Machuki hakuonekana kama aliyekasirika. Alionekana kama aliyechoka ghafla. "Nilikutetea," alisema. Akalivuta blanketi mabegani, akasimama kwa kumshikilia Joyline, na wawili hao wakaanza kutembea polepole kuelekea barabarani ilipokuwa pikipiki ya Byron. Hakugeuka nyuma. Arasa alimwangalia mpaka kichwa chake kikapotea nyuma ya vifusi vya mawe.

Kisha akavua koti, akaliweka juu ya gunia lililokuwa bado na umbo la mwanawe. Akaingia kwenye kibanda cha vifaa, akatoka na waya wa kengele uliokunjwa, umeanza kushika kutu. Pampu ilikuwa imeanza kufanya kazi. Wiki moja na shimo lingekauka, na watu wangeshuka tena, kwa sababu Masara watu hushuka. Akaketi kwenye mdomo wa shimo, akaushika mwisho wa waya wake wa umeme, akaanza kuuvuta nje ya bomba.

"Mzee," Mniko akasema. "Jua bado liko juu. Sabato yako haijaisha."

"Najua."

Mzee Nashon alikunja mikono ya shati, akaja kukaa upande wa pili, akaanza kuukunjua ule wa kengele. Mmoja alitoa, mwingine alikunjua. Wake ulipokwisha kutoka, Arasa aliushika ule wa kengele, ukashuka gizani futi baada ya futi, na kila ulipogusa kona kule chini na kutikisika mkononi mwake, aliacha kuushusha, akasikiliza kama kuna anayevuta.